Si Kila Injini Inayogonga Imenoki

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)



Juma lililopita, asubuhi na mapema, jirani yangu hapa Kizwite alinibishia hodi. Hakuja kuazima chumvi. Alikuja kuniuliza, "Mwalimu, humfahamu mtu anayetafuta maksai?" Nikamtazama. Mtu wa Ufipa anayeuza maksai wa plau wakati mvua zinakaribia, ama ana mgonjwa hospitali, ama ana kesi. Jirani yangu hakuwa na mgonjwa wala kesi. Alikuwa na pikapu.

Pikapu yenyewe ni ya petroli, ya miaka ya 1980, yenye kabureta na distributa, na rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Ndiyo inayomshusha bondeni Rukwa kufuata mchele na samaki, na ndiyo inayosomesha watoto wake. Safari ya mwisho, akipanda mlima kutoka Muze na mzigo, injini ikaanza kugonga. Alipofika mjini akaipeleka kwa fundi. Fundi akafungua boneti, akapiga resi mara mbili, akasikiliza kwa muda wa kumeza mate, akasema, "Mzee, hii imenoki. Tafuta injini nyingine." Akamtajia bei ya injini ya mtumba pamoja na gharama ya kuisafirisha kutoka Dar es Salaam. Jirani yangu akapiga hesabu, na jibu la hesabu likawa maksai wawili.

Nikamwambia asubiri siku moja. Leo, kwa ruhusa yake, nataka kuwasimulia tulichokifanya siku hiyo, kwa sababu najua hayuko peke yake. Magari ya zamani bado ni mengi katika mkoa huu wa Rukwa, na kila juma kuna mtu anaambiwa neno hilohilo.

Neno lenyewe kwanza. "Kunoki" tumelichukua kwa Waingereza, na kwao lina maana ya kugonga tu. Sisi tumelipeleka mbali zaidi: kwetu injini iliyonoki ni marehemu. Basi ikigonga kidogo tunasema imenoki, na tukishasema imenoki tumekwisha izika. Mgonjwa amekohoa, nasi tunamwandikia cheti cha kifo.

Injini hugonga kwa njia mbili kubwa ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna kugonga kwa moto, na kuna kugonga kwa chuma. Kwa moja unaweza kutengeneza gari kabla ya chakula cha mchana ukiwa na spana mbili. Kwa nyingine unatakiwa kuzima gari dakika hiyohiyo, hata kama uko porini na usiku umeingia. Anayechanganya mambo haya mawili hupoteza fedha upande mmoja, na hupoteza injini upande wa pili.

Nianze na moto. Ndani ya silinda pistoni hukandamiza petroli iliyochanganyika na hewa, kisha plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa utembee kutoka kwenye plagi hadi ukutani kwa utaratibu, kama moto wa nyika unaosukumwa na upepo wa kiasi. Lakini ikiwa ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia umebanwa mno na umepata joto mno, hausubiri. Hulipuka wenyewe kwa mara moja. Mshindo wake ndio ule mlio mwembamba unaousikia, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Husikika gari likiwa na kazi: mlimani, mzigo mgongoni, gia kubwa, mwendo mdogo, mguu umekanyaga mafuta mpaka chini. Ukinyanyua mguu hukoma. Gari likisimama linanguruma taratibu, huusikii.

Sababu zake? Joto la injini lililozidi. Cheche inayokuja mapema mno. Petroli duni. Plagi zisizo za injini ile. Masizi yaliyojaa juu ya pistoni na kwenye hedi, ambayo hupunguza nafasi ya mchanganyiko na kushika makaa. Na hedi iliyosawazishwa kwa mashine mara nyingi hadi ikawa nyembamba, kwa hiyo mbano umeongezeka kuliko alivyokusudia aliyeiunda.

Sasa wasikilizaji wa Sumbawanga nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ni letu. Mji wetu uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Shinikizo lake limepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na la Dar es Salaam. Kila pistoni inapovuta, inavuta hewa pungufu, na gari linakosa nguvu. Wazee wa Ufipa waliijua sana habari ya hewa na moto: malungu yao ya kuyeyushia chuma, zile tanuri za udongo zenye kimo kumzidi mtu, yalijivutia hewa yenyewe bila mivukuto. Fundi wa leo naye ana dawa yake. Analegeza boliti ya distributa, anaizungusha kidogo ili cheche iwahi, anasikiliza kwa sikio, gari linachangamka, mteja anafurahi. Huku juu dawa hiyo inakubalika, kwa kuwa mbano wa hewa nyepesi ni mdogo na injini inaweza kuvumilia cheche inayowahi.

Lakini gari hilo halikai huku juu. Linateremka Lyamba lya Mfipa hadi bondeni, ambako Ziwa Rukwa liko yapata meta 800 tu. Umeshuka karibu kilometa nzima kwenda chini. Hewa imekuwa nzito, jua ni kali, na unajaza magunia. Kisha unageuza kuanza kupanda. Cheche iliyotegwa kwa hewa ya Kizwite sasa inawasha hewa ya Muze, injini imechemka, mzigo unavuta nyuma. Hapo isipogonga ndiyo ajabu.

Jambo la pili la mlimani ni maji. Huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mfuniko wenye springi na mpira, ambao huyaweka chini ya shinikizo. Nenda stendi utazame mifuniko ya magari ya zamani. Mingi mpira wake umekufa, na mingine si mifuniko tena bali ni kitambaa kilichoviringwa. Wengine wameng'oa themostati kabisa ili injini ipoe. Asubuhi za Juni na Julai, wakati wa baridi yetu, injini hizo hukimbia zikiwa baridi na kujisaga bure; na mlimani bado zinachemka, kwa sababu rejeta imejaa tope la maji ya mtoni.

Habari ya petroli nayo ina historia yake. Mwaka 1921, nchini Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba dawa yenye madini ya risasi ikitiwa katika petroli huzuia kugonga. Dunia nzima ikaitumia. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na ilichukua miaka mingi kuiondoa: nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, mwaka 2021. Wapo wanaosema gari la zamani linagonga kwa kuwa petroli ya siku hizi haina risasi. Si kweli. Kinachozuia kugonga ni kipimo cha okteni, na siku hizi kipimo hicho hupatikana kwa njia nyingine. Kitu ambacho risasi ilikilinda kweli katika injini za zamani ni viti vya valvu, na hiyo ni habari nyingine.

Kinachogongesha ni mafuta ya taa. Okteni yake iko chini sana, na kiasi kidogo tu ndani ya petroli kinatosha kuharibu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa hasa kwa ajili ya kuondoa faida ya uchakachuaji, na hali ikawa nafuu. Lakini petroli inayouzwa kwa madumu vijijini haina wa kuitolea ushahidi. Hata isipochanganywa, dumu lililokaa juani limekwisha poteza sehemu yake iliyo nyepesi.

Kugonga kwa chuma ni habari nyingine kabisa. Konrodi imeshika krenki kupitia beringi mbili nyembamba, na kati yao kuna utando wa oili. Oili ikipungua, au ikiwa nyepesi kama maji, au pampu ikichoka, utando hupasuka, beringi inaliwa, nafasi inatokea, na konrodi inaanza kupiga nyundo. Mlio wake ni mzito, unatoka chini, na unaongezeka mwendo wa injini unapoongezeka. Unasikika gari likiwa limesimama bila gia, na aghalabu unasikika zaidi pale unaponyanyua mguu baada ya kupiga resi. Taa nyekundu ya oili huwa imekwisha kukonyeza siku kadhaa kabla.

Hapa nikiri kosa. Miaka mingi iliyopita, barabara ya Tunduma ikiwa bado ya vumbi, nilikuwa narudi nyumbani na gari dogo la petroli. Baada ya Tunduma nikasikia ko-ko-ko kutoka chini. Nikajiambia ni petroli. Taa ya oili ikawaka kwenye mteremko, ikazimika. Nikajiambia ni waya. Ko-ko-ko ikakua. Mnajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Karibu na Laela konrodi ikakatika na kutoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagika barabarani, na nikalala pale hadi lori la mahindi liliponivuta asubuhi. Ningalisimama mara ya kwanza, ningalinunua beringi za konrodi, gasketi ya sampu na oili. Nilinunua injini. Ndiyo maana naogopa mtu anayesema kila kugonga ni petroli sawasawa na ninavyomwogopa anayesema kila kugonga ni kunoki.

Turudi kwa pikapu ya jirani. Kabla ya spana yoyote tulichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa kwenye alama, nyeusi lakini nzito. Tukawasha injini ingali baridi: kimya. Angekuwa na pistoni zilizolegea ndani ya silinda, zingegonga wakati huo wa baridi na kunyamaza baadaye. Taa ya oili ilizimika mara moja. Ilipopata moto tukapiga resi taratibu na kuachia: hakuna nyundo. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye bloku, mpini sikioni, nikapita silinda moja baada ya nyingine, mbali na feni. Juu palikuwa na tiki-tiki nyepesi ya tapeti, ambayo huenda nusu ya mwendo wa krenki na haijawahi kumuua mtu. Chini hapakuwa na kitu.

Kisha tukajaribu plagi. Kwa gari la kabureta, unazima, unachomoa waya wa plagi moja na kuuegemeza vizuri kwenye chuma cha injini, unawasha, unasikiliza. Halafu unaurudisha na kwenda wa pili. Kama ni konrodi, ukiifikia silinda yenye ugonjwa mlio utapungua wazi, kwa sababu pistoni ile haisukumwi tena. Sisi tulipita zote nne na hatukusikia tofauti. Tukatikisa pia mkono wa jenereta, feni na maunting za injini. Msicheke: nimewahi kuona injini nzima ikishushwa, na mwisho wa yote mlio ulikuwa wa boliti ya feni.

Basi tukaenda barabarani. Nilimwomba apande kilima kwa gia ya tatu, mwendo wa kilometa 40 kwa saa, kisha akanyage mafuta yote. Kokoto zikalia ndani ya kopo. Akanyanyua mguu, kimya. Akakanyaga, kokoto. Jirani yangu akanitazama, akasema, "Kumbe inasikiliza mguu!" Ndivyo. Nyundo ya chuma haisikilizi mguu kwa utii kiasi kile.

Tulipofungua distributa tulikuta alama mpya ya bisibisi. Mtu alikuwa ameizungusha mbele sana. Tulitazama kwanza nafasi ya pointi, maana ukibadilisha nafasi ile umebadilisha wakati wa cheche, na ni kazi bure kutega taimingi kabla yake. Kisha tukairudisha distributa nyuma. Kanuni ni rahisi: ukizungusha mwili wa distributa kufuata upande unaozunguka rota, cheche inachelewa, ukienda kinyume chake, inawahi. Unasogeza kidogo sana, upana wa ukucha, unakaza, unarudi kilimani. Unataka ufike mahali ambapo ukikanyaga ghafla unasikia kokoto moja mbili halafu zinapotea. Usirudishe kupita hapo. Cheche iliyochelewa mno hunyima gari nguvu na huichemsha injini, na utakuwa umetoka shimo hili kuingia lile. Mwenye kitabu cha gari na taa ya kutegea taimingi afuate kitabu.

Tukamwaga maji ya rejeta. Yalitoka mekundu kama ya mto Februari. Tuliisafisha kwa maji ya kusukuma kutoka chini kwenda juu, tukanunua mfuniko mpya wenye namba sahihi, tukaweka themostati. Plagi mbili zilikuwa za aina nyingine kabisa, zenye joto zaidi. Tukaweka nne zinazofanana. Jioni tulipopanda kile kilima ilibaki kokoto ndogo kwa mbali, nayo ilitoweka alipomaliza petroli ya madumu aliyoinunua bondeni na kujaza kituoni. Gharama ya vyote haikufikia bei ya mbuzi mmoja. Ingekuwa bado inagonga, hatua iliyofuata ilikuwa kufungua hedi na kukwangua masizi, bado bila kugusa krenki.

Je, nyundo ingekuwa ya chuma? Hapo ningemwambia asiiwashe tena, aivute. Unamwaga oili katika beseni safi na kupitisha sumaku, na kutazama pia unga unaong'aa usioshikwa na sumaku, maana beringi si chuma kitupu. Unafungua sampu, unafungua vifuniko vya konrodi kimoja kimoja. Kama krenki bado ni laini kwa ukucha na vipimo vyake havijapungua, unabadilisha beringi na kutazama pampu ya oili. Kama imechimbika, inapelekwa mashine kusagwa, na unaweka beringi za saizi inayofuata. Kwa wengi wetu safari hiyo ni ya Mbeya, zaidi ya kilometa 300, lakini bado ni nafuu kuliko injini ya mtumba ambayo hujui ilikufa na nini huko ilikotoka. Wapo wanaoweka karatasi au kipande cha bati nyuma ya beringi ili ikaze. Kelele inaisha kwa juma moja. Wanaotaka kuliuza gari hupenda sana juma hilo.

Simlaumu yule fundi peke yake. Wengi wao wamejifunza kazi chini ya mkaratusi, kwa kushika taa ya fundi mkubwa, na wamefanya maajabu kwa vifaa haba. Lakini na sisi wenye magari tunawatendea nini? Tunafika, tunatupa funguo, tunasema, "Itazame, inalia." Inalia lini? Baridi au moto? Mlimani au imesimama? Ukikanyaga au ukiachia? Juu au chini? Magari ya siku hizi yamefungwa kifaa kwenye bloku kinachosikia kugonga na kuchelewesha cheche chenyewe, dereva asijue lolote. Gari la zamani halina kifaa hicho. Sikio lake ni la dereva, na fundi hakuwapo mlimani.

Msikilizaji mmoja aliuliza kuhusu Land Rover yake ya dizeli inayogonga tangu aliponunua. Dizeli, ndugu yangu, hugonga kwa asili yake. Haina plagi ya cheche, mafuta hujiwasha kwa joto la mbano. Wasiwasi uwepo pale silinda moja inapopiga zaidi ya wenzake. Injini ikinguruma taratibu, legeza nati ya bomba la nozo moja, kaza, nenda nyingine. Mlio ukibadilika kwenye silinda fulani, peleka nozo yake ikapimwe. Pengine inadondosha badala ya kunyunyiza. Mkono na uso viwe mbali, maana mafuta ya nozo yana nguvu ya kutoboa ngozi.

Jirani yangu alishuka Muze siku ya Jumamosi, akarudi na magunia ya mchele. Nilimsikia akipandisha kilima chetu kwa gia ya tatu, kisha akapunguza hadi ya pili bila kulazimishwa na mtu. Maksai bado wako zizini. Asubuhi hii walikuwa shambani kwangu, wanakula mahindi yangu machanga ya bustanini, na hilo tutalizungumza mimi na yeye baada ya kipindi.